Mashine Iliyotaka Kuhama Nyumba

Alhamisi, Doonside, huku Australia. Asubuhi mvua, mchana jua, jioni upepo wa baridi usio na adabu, unaingia chini ya mlango bila kupiga hodi. Makalio yangu bado yana ganzi. Sababu nitaieleza.

Leo nina furaha ya kijinga, ile inayomfanya mzee acheke peke yake jikoni. Mama Spe amenichungulia mara mbili kuona kama tatizo ni akili au ni meno.

Meno ni tatizo pia, lakini siyo leo.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yetu, Speransia, ili niache kumpigia simu akiwa kazini kwake, kule anakotunza wazee wa watu. Aliniambia, "Papa, ukiwa na neno, liandike." Basi naandika, kwa kidole kimoja. Shule niliiacha darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu kukubaliana kwamba hakuna anayemfaidisha mwenzake. Kwa hiyo ukiona neno limelala, liamshe mwenyewe.

Habari ya leo ni mashine ya kufulia.

Speransia ndiye aliyeinunua, ili mama yake aache kuinama. Mama Spe amefua maisha yake yote. Amefua mtoni kwetu Burundi, amefua kwenye ndoo kambini Tanzania, na alipofika Australia akafua kwenye bafu, amepiga magoti kando yake kama mtu anayetubu dhambi za mashuka. Goti la kulia lilishakataa. Siku mashine ilipoletwa, yeye alikuwa kwaya, na aliyeipokea ni mimi, kichwa cha nyumba. Kichwa kigumu, lakini ni kichwa.

Vijana wawili waliipandisha ngazi, maana sisi tunakaa ghorofani. Walipoitua wakataka kuanza kuivua: nailoni, stika, na sijui nini huko nyuma. Mmoja alishashika spana. Nikamzuia kwa mkono. Kiingereza changu ni kidogo lakini kina sauti. Nikawaambia wasiguse, wamemaliza, asante, kwaheri. Wakatazamana, wakainua mabega, wakashuka na spana yao.

Kwangu kitu kipya hakivuliwi nguo.

Hiyo ndiyo sheria. Sofa letu lina nailoni yake tangu siku lilipoingia. Rimoti imo ndani ya mfuko, imefungwa kwa mpira. Friji ina ile ngozi ya buluu mlangoni. Televisheni bado ina stika inayoisifu, nayo imeziba pembe, kwa hiyo kwenye mpira hatujawahi kuona kona ya kushoto ikipigwa. Tunamwamini mtangazaji.

Mama Spe amelalamika weee, mpaka amechoka. Kuna vitambaa alivifuma kambini, vyeupe, vyenye maua pembeni, vya kuweka juu ya makochi. Wakati ule hatukuwa na kochi. Tulikuwa na mikeka na gogo moja ambalo lilikuwa la jirani. Alifuma tu, akavikunja, akaviweka kwenye begi. Tulipopata sofa hapa akavitandika, vikateleza. Kitambaa na nailoni havipatani. Akavitandika tena, vikateleza tena, akavirudisha kwenye begi na kuniangalia kwa jicho ambalo sitaki kulieleza mtandaoni.

Wageni nao wana malalamiko yao. Siku za joto mtu akiinuka kwenye sofa, linatoa sauti isiyo ya kanisani. Mchungaji wetu akija siku hizi anapendelea kusimama.

Sasa mashine. Siku ya kwanza iliosha vizuri kabisa, kwa upole, kama mtoto wa shule mpya. Ilipofika kwenye kukamua, shetani akaamka.

Mimi ni Mrundi, ngoma naijua. Ile haikuwa ngoma. Ngoma ina mdundo, ina heshima, unajua mkono unashuka wapi. Hii ilikuwa kabati lililoanguka kutoka kwenye lori na likaendelea kuanguka. Vikombe jikoni viliitikia. Kisha ikaanza kutembea. Ilitoka ukutani, ikaja hadi mlangoni mwa kichumba cha kufulia, ikaegemea mlango. Mlango ule unafunguka kwa ndani. Tukabaki nje tukisukuma, yenyewe ndani ikigonga, kama mgeni aliyejifungia chooni.

Nilijaribu dawa zangu. Nilikata godoro kuukuu vipande vinne nikaivalisha viatu. Ikaruka juu zaidi. Nikaipandishia gunia la mchele. Gunia likashuka lenyewe, likapasuka, na mchele tukauokota siku mbili. Mwisho nikapanda mimi.

Ndiyo. Nilikaa juu yake ikikamua, miguu inaning'inia, mikono imeshika dirisha.

"Baba Spe, shuka," mke wangu akasema. "Punda huyo hana hata mkia wa kushika."

"Ni-ta-shu-ki-a-St-Ma-rys," nikamjibu kama abiria wa treni, kila kipande cha neno kikitoka kwa ruhusa ya mashine.

Ganzi imetoka huko. Nimesafiri hivyo kila siku ya kufua tangu mwezi uliopita.

Mama Spe hakucheka, ingawa bega lilimtikisika. Jumapili akamwomba mchungaji aje kuiombea. Mchungaji ni mtu mzuri na nampenda, ila anaamini kila kitu kina pepo, hata hiliki. Aliweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho, akaanza kwa sauti nene. Mashine ikafika kwenye kukamua. Maombi yakaanza kukatikakatika, na meno yake yakasema amina kabla yake. Nilitoka nje kwenda kucheka kwenye kamba ya kuanikia. Dhambi hiyo nimeiungama tayari, kwa Mungu moja kwa moja, bila kupitia ofisini.

Na kuna Nyambura.

Nyambura ni Mkenya, ni nesi, anakaa chini yetu hasa. Anafanya kazi usiku na kulala mchana. Mashine yetu inakamua mchana. Akichoka anagonga dari kwa mpini wa ufagio, mara tatu, kistaarabu. Tukikutana kwenye ngazi anasalimia vizuri kabla ya kuchoma.

"Shikamoo mzee wangu. Jana mlikuwa mnasaga mahindi ama mnahamisha kabati?"

"Marahaba, binti. Tulikuwa tunakuimbia bembelezi."

"Mzee, hiyo bembelezi itanifanya nilale nikimdunga mtu sindano. Mimi niko na shift usiku. Nakuomba tu."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. 

Jumatatu Mama Spe akatoa hukumu. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata uso. Jumamosi mchungaji anakuja na gari lake, anaichukua mashine anaipeleka Minto. Kuna vijana wamefunga ndoa, wao wana nguvu za kuikimbiza. Yeye anarudi kwenye bafu.

"Na goti?" nikauliza.

"Goti ni langu. Na mablanketi utakamua wewe, mwenye mikono iliyoshindwa na mashine."

Nikamkumbusha kwamba ni zawadi ya mtoto. Akakunja shati moja. Kisha akasema neno lililonikaa mpaka leo: "Speransia akiniuliza inafanyaje kazi, huwa namwambia inafanya vizuri. Nimechoka kumdanganya mtoto wangu kwa ajili ya chuma."

Basi. Nilikuwa na mpaka Jumamosi.

Leo alipokwenda kwaya nikajifungia na adui. Nikaondoa vile viatu vya godoro. Nikaweka glasi ya maji juu ya mashine kuangalia kama imelala sawa, na maji yakaniambia imeinamia mlangoni, ndiyo maana siku zote inakimbilia huko. Miguu yake inazungushwa kama skrubu, juu na chini. Nikalala kifudifudi, nikazungusha mguu huu, nikainuka kwa hatua nne kama ngamia, nikatazama maji, nikalala tena. Mpaka maji yakatulia. Nikajipigia makofi.

Nikaijaza mashuka, nikaiwasha, nikasubiri. Haikutembea sana. Lakini ilitetemeka vilevile, hasira ileile, ila sasa imesimama wima. Kama mlevi aliyeshikwa na polisi.

Nikaivuta nione mgongo wake. Hapo nikaona bolti nne, kubwa, za kujivuna, zimeingia kwenye bati. Nikazigusa. Moja ilikuwa imelegea kidogo.

Aha, nikasema. Umepatikana.

Nikachukua spana nikazikaza zote nne, kwa nguvu zote ambazo Mungu aliniachia. Bolti ikilegea unaikaza. Hilo hata mtu wa darasa la nne analijua. Nikawasha tena kwa furaha, nimekunja mikono kifuani kama fundi anayesubiri kusifiwa.

Ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Glasi iliruka. Chini, ufagio haukugonga mara tatu. Uligonga bila hesabu.

Nikazima. Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, maji ya glasi yakiniingia kwenye suruali. Nikamwona akilini Mama Spe siku ya Jumamosi, amepiga magoti kwenye lile bafu. Sikuona cha kuchekesha. Nilitafuta.

Nikashuka kumwomba Nyambura msamaha.

Alifungua mlango amevaa kilemba cha kulalia, kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia avumilie, mashine inaondoka Jumamosi, atalala. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Na mama atafua na nini?" Nikatazama viatu vyangu.

"Ingia, mzee. Hata yangu inazunguka saa hizi, ulisikia?"

Sikuwa nimesikia. Nilidhani ni friji. Mashine yake ilikuwa inakamua kwenye kona, imenuna kimya, na juu yake kuna chupa ya sabuni imesimama bila wasiwasi. Na ilikuwa pacha wa yetu. Mlango uleule, vitufe vilevile. Nilihisi wivu ambao mzee hapaswi kuuhisi juu ya mashine ya mwanamke mwingine.

Ilipomaliza nikaomba ruhusa nikaingiza mkono. Nikasukuma lile pipa la ndani. Likacheza. Likaenda, likarudi, laini, kama mtoto ndani ya mbeleko mama yake anapotembea. Langu halichezi. Langu limekaa kama kisiki.

Nikachungulia nyuma. Pale ambapo kwangu kuna bolti nne, kwake kulikuwa na matundu manne, yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki.

"Binti, bolti zako ziko wapi?"

"Bolti gani?"

"Za hapa nyuma."

"Aaa, hizo." Akavuta droo ya jikoni, akatoa mfuko mdogo, akautikisa. "Wale walioileta ndio walitoa. Hizo ni za safari, mzee. Zinashika hilo pipa lisipondeke kwa lori. Ukifika, unatoa. Mimi nimeweka tu, siku nikihama." Kisha akanitazama vizuri. Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni. "Mzee wangu. Usiniambie."

Sikumwambia.

"Wewe? Siku zote hizo?" Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hiyo mashine si mgonjwa. Iko hapo Doonside na bado inadhani iko barabarani."

Nikacheka naye, nikamshukuru, nikapanda ngazi. Lakini nilipanda polepole, na katikati nikasimama, nikijifanya nimeishiwa pumzi.

Kwa sababu kambini tulikaa hivyo. Kila mwaka tuliambiwa msizoee, mnaondoka karibuni. Mizigo ilibaki imefungwa, na ukihitaji sufuria unaifungua kamba, unapika, unaifunga tena. Kitu kisichofunguliwa ni rahisi kubeba. Hakuna aliyenifundisha, mikono ilijifunza yenyewe. Halafu tukapanda ndege, tukafika, tukapewa funguo, na mimi nikaendelea kufunga kamba ambayo haipo.

Yatosha. Mtandao si mahali pa kulilia, watu wanakula.

Mama Spe alirudi akanikuta nimelala nyuma ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Akauliza kama nimekufa au najificha. Nikamwomba amulike tochi. Bolti ya kwanza ilikataa, maana kuna mpumbavu alizikaza mchana. Nilipozitoa zote, kitu ndani kikashuka kidogo, taratibu, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Nikaingiza mkono nikasukuma pipa.

Likacheza.

Tukaweka lile blanketi kubwa lenye picha ya chui, adui wa kila mashine, pamoja na mataulo ili lisikae upande mmoja. Nikajaza glasi ya chai mpaka ukingoni nikaiweka juu. Tukasimama mlangoni, tayari kukimbia. Ikaosha. Ikamwaga maji. Ikaanza kukamua, ikapanda sauti, ikapanda tena, na Mama Spe akanishika mkono wa shati.

Chai ikatetemeka katikati, viduara vidogo, basi.

"Imekufa?" akanong'ona.

"Inakamua."

"Mbona imenyamaza?"

"Imefika," nikamwambia.

Mlango ukagongwa. Ni Nyambura, kilemba kimeenda upande. "Mko sawa? Nimeshtuka nikaamka. Kimya imenitisha." Mama Spe akamvuta ndani aje aone, na wanawake wawili wakasimama mbele ya mashine wakilitazama blanketi likizunguka kama wanatazama harusi. Kisha Mama Spe akampigia Speransia, akaielekeza simu kwenye mashine. Hakusema salamu. Alisema tu, "Sikia," na mtoto upande wa pili akasema hasikii kitu, na mama yake akasema, "Ndiyo, ndiyo, hicho hicho."

Alipokwisha kuondoka Nyambura, nilibaki na bolti nne mkononi. Zina uzito mzuri. Nikauliza tuziweke wapi.

"Nyambura ameweka zake za siku ya kuhama," nikasema.

Mama Spe alikuwa anakunja blanketi. "Sisi tunahama lini, Baba Spe?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua basi linapita saa ngapi. Nikafungua mdomo nimletee mzaha. Mizaha yangu siku zote iko tayari, imepanga foleni. Leo hakuna aliyejitokeza.

Nikaziweka bolti kwenye kopo la maziwa, nikalifunga, nikalisukuma juu kabisa ya kabati. Sikuzitupa, mimi si mwendawazimu. Kisha nikaenda jikoni nikachukua kisu.

Nailoni ya sofa ililia ilipochanwa. Nilianza kwenye mkono wa kulia, nikazunguka mgongoni, nikaishusha yote kama ngozi ya mbuzi. Miaka hii yote nilidhani sofa letu ni la kahawia. Ni la kijani. Kijani kizuri kama mgomba uliopata mvua, na mimi ndiye niliyelikalia.

Mama Spe alisimama akiangalia. Hakusema "nilikuambia," na hilo peke yake lapaswa kuandikwa. Akaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Akarudi na vitambaa. Akatandika kimoja kwenye mkono huu, kimoja kule, na kile kirefu mgongoni. Akavipapasa. Akarudi nyuma hatua moja, akasubiri viteleze.

Havikuteleza.

Tumekaa hapo mpaka sasa, mimi na kidole changu kimoja, yeye amenyoosha goti lake juu ya mto. Nimeinuka kwenda kumletea chai, na sofa halikutoa sauti yoyote. Nimeikosa kidogo. Jumamosi mchungaji akija na gari lake atabeba nailoni na vipande vya godoro, na kwa mara ya kwanza tutamwambia akae.

Mama Spe sasa hivi anaiangalia ile ngozi ya buluu kwenye mlango wa friji, na ananiangalia mimi.

Sawa, mama. Kesho ni zamu ya friji.